Soseji ya moshi imeshaiva: wewe ipe rangi tu

Msomaji mmoja, mama wa watoto wawili, ameniandikia hivi: "Nafika nyumbani saa moja kasorobo jioni, na saa mbili watoto wanatakiwa wawe wameshakula. Nanunua soseji za moshi kwa kuwa naambiwa ni chakula rahisi. Nazichemsha kwanza dakika ishirini, halafu nazikaanga. Nikizikata naona ndani bado ni nyekundu, basi nazirudisha jikoni. Mwishowe zinakuwa ngumu kama ndala, mchuzi una chumvi mpaka watoto wanaomba maji, na nina masufuria matatu ya kuosha. Nakosea wapi? Na mbali na soseji za mchuzi, nipike nini kingine siku za kazi?"

Dada yangu, kosa ni moja, hayo mengine ni watoto wake. Unapika nyama iliyokwisha kupikwa. Unaipika mara ya pili kwenye maji, mara ya tatu kwenye mafuta, na ukiuona wekundu unaipika mara ya nne. Hakuna nyama inayovumilia hayo ikabaki laini.

Tuanze na huo wekundu, maana ndio unaokutia hofu. Nyama ya kawaida ikipata moto hugeuka kijivu au kahawia, na sisi tumezoea kuitazama rangi hiyo tukajua imeiva. Soseji ya moshi haifuati kanuni hiyo. Kabla haijajazwa kwenye ngozi yake, nyama huchanganywa na chumvi yenye nitriti kidogo. Nitriti hiyo huishika rangi ya nyama, na moto ukija unaikuta imeshashikwa, hivyo inabaki ya waridi. Hata ungeichemsha mpaka alfajiri ungeikuta vilevile. Kwa soseji ya namna hii, rangi ya ndani haikuambii lolote kuhusu kuiva.

Wala nitriti haikuwekwa kwa urembo. Ipo kuzuia bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye hustawi mahali pasipo na hewa, kama katikati ya soseji, na hutoa sumu ya kuua. Daktari Mjerumani Justinus Kerner aliieleza sumu hiyo kwa kirefu miaka ya 1820, baada ya kuchunguza watu waliodhurika kwa kula soseji. Jina la ugonjwa wenyewe, botulismi, limetoka kwenye neno la Kilatini "botulus", yaani soseji. Ndiyo maana sishangai mtu akiiogopa soseji nyekundu. Ila woga huo umekwenda upande usio wake.

Soseji nyingi za moshi zinazouzwa kwenye pakiti zimefukizwa kwa moshi wa moto, na ndani zimefika karibu nyuzi 70 za sentigredi. Hizo zimeiva. Zipo nyingine chache zilizofukizwa kwa moshi wa baridi, chini ya nyuzi 30 hivi: zina harufu ya moshi, lakini nyama bado mbichi. Kwa hiyo soma pakiti kabla hujabandika chochote. Ikisema imepikwa au iko tayari kuliwa, endelea na maelezo yangu. Ikisema ipikwe kabla ya kuliwa, basi lazima ndani ifike nyuzi 71 ikiwa ni ya ng'ombe au nguruwe, na nyuzi 74 ikiwa ni ya kuku au bata mzinga. Kipimajoto kidogo cha nyama kinamaliza ubishi. Pakiti ikiwa imepotea, usibahatishe: ichukulie kuwa ni mbichi, uipike mpaka ndani ifike nyuzi hizo.

Na kama hamli nguruwe nyumbani kwako, usiishie kwenye neno "ng'ombe" lililoandikwa mbele kwa herufi kubwa. Geuza pakiti usome ngozi imetengenezwa na nini. Nyama inaweza kuwa ya ng'ombe na ngozi ikawa utumbo wa nguruwe. Kuna pia ngozi za plastiki au za selulosi ambazo hazikutengenezwa kuliwa kabisa. Hizo huvuliwa kabla ya kupika. Nimewahi kumwona mtu mzima akitafuna plastiki kwa heshima ya mwenyeji wake.

Sasa, kama nyama imeiva, jikoni unakwenda kufanya nini? Vitu viwili: kuipasha moto na kuipa rangi. Kupasha ni kazi ya dakika chache. Rangi ndiyo yenye utamu. Ule ukahawia unaonukia juu ya nyama hauji mpaka joto la juu ya nyama lipite nyuzi 140 hivi, na maji hayavuki nyuzi 100. Ndiyo maana dakika zako ishirini za kuchemsha hazikukupa ladha yoyote. Zilichofanya ni kukamua mafuta na majimaji kutoka ndani ya soseji na kuyamwaga kwenye maji ya moto. Ukaimwaga ladha kwenye sinki, ukabaki na ndala.

Fanya hivi. Kata soseji kwa mshazari, vipande vya unene wa sentimita moja. Mshazari unakupa uso mpana zaidi wa kupata rangi. Vipange kwenye kikaango kikiwa bado baridi, kila kipande kilale chini bila kupanda juu ya mwenzake. Nyunyiza vijiko vitatu vya chakula vya maji, kisha washa moto wa wastani. Najua nimetoka kuyasema vibaya maji, lakini haya ni machache na yana kazi yake: yanayeyusha mafuta ya soseji taratibu kabla nyama haijaanza kuungua, kisha yanakauka yenyewe. Utasikia sauti ikibadilika, kutoka kutokota hadi kuchachatika. Hapo soseji inajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Usiiguse dakika tatu. Geuza, iache dakika mbili nyingine, itoe uiweke kwenye sahani. Soseji za kuku na bata mzinga huwa na mafuta kidogo, kwa hiyo hizo ziongezee kijiko kimoja cha mafuta ya kupikia. Tafuta kahawia, si nyeusi. Iliyoungua ni chungu, na haifai kiafya pia.

Itoe. Hili narudia kwa sababu ndilo wengi hawalifanyi. Soseji ikishapata rangi hutoka kwenye kikaango, inakaa pembeni, inarudi mwishoni dakika mbili au tatu kabla ya kuipua. Ikibaki humo wakati viazi vinaiva au mchele unakauka, umeirudisha kwenye mateso yaleyale ya mwanzo.

Tazama kilichobaki kwenye kikaango: mafuta ya rangi ya machungwa na ukoko wa kahawia ulioganda chini. Tafadhali usikioshe. Harufu ya moshi inatokana na kuungua kwa kuni: ile sehemu ya mti iitwayo lignini ikiungua hutoa kemikali zenye harufu kama guayakoli na siringoli, na kemikali hizo huyeyuka vizuri kwenye mafuta. Kwa hiyo moshi wote uliolipia umo kwenye vijiko hivyo viwili vya mafuta. Tia kitunguu kilichokatwakatwa, kitatoa maji yake, na kwa mwiko utaukwangua ukoko mpaka uyeyuke. Kuanzia hapo, chochote utakachokiweka kwenye kikaango hicho, hata kiwe kabichi tupu, kitaonja kama kimepikwa na soseji tangu asubuhi. Mimi soseji ya moshi siihesabu kama kitoweo. Naihesabu pamoja na viungo, karibu na kitunguu saumu. Ukiifikiria hivyo, gramu 300 mpaka 400 zinatosha watu wanne bila mtu kulalamika.

Chumvi nayo inafuata njia hiyohiyo. Soseji nyingi za moshi zina chumvi ya karibu gramu 2 katika kila gramu 100. Pakiti ya gramu 400 basi inaleta chumvi ya gramu 8 hivi, ambayo ni zaidi ya kijiko cha chai kilichojaa sawasawa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Umeingiza gramu 8 kwenye sufuria kabla hujanyoosha mkono kwenye kopo la chumvi, halafu, kama ninavyokuhisi, unatia na kidonge cha supu, ambacho sehemu kubwa yake ni chumvi vilevile. Watoto wana haki ya kuomba maji. Acha kidonge. Acha chumvi mpaka soseji imerudi sufuriani na umeonja. Mara nyingi utakuta haihitajiki; kinachokosekana ni uchachu. Maji ya limau au kijiko kimoja cha siki huamsha chakula ambacho ulimi wako ulidhani kimepungukiwa chumvi.

Kwenye mapishi, nitaanza na wali wa sufuria moja, kwa kuwa ukiuweza huo umeziweza kanuni zote. Kwa watu wanne chukua soseji gramu 350, kitunguu kikubwa kimoja, hoho moja, punje tatu za kitunguu saumu, nyanya mbili zilizoiva na mchele vikombe viwili. Osha mchele kwanza, uache uchuje maji. Kwenye sufuria pana, yenye kitako kizito, ipe soseji rangi kama nilivyoeleza, itoe. Kaanga kitunguu na hoho kwenye mafuta yaliyobaki mpaka vilainike, dakika tano. Kitunguu saumu na kijiko cha chai cha paprika hufuata, nusu dakika tu maana vinaungua upesi. Tia nyanya, ziache zipondeke na mafuta yaonekane pembeni. Sasa mimina mchele mkavu, ugeuze dakika mbili kila punje ipate mafuta, kisha maji ya moto vikombe vitatu. Onja maji hayo. Yawe yamepungukiwa chumvi kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu soseji inarudi na ya kwake. Yakishachemka, punguza moto mpaka mwisho, funika, ondoka.

Naam, ondoka. Kakague daftari za shule. Ukifunuafunua, mvuke unaokimbia ndio uliokuwa unaupika mchele. Baada ya dakika 15 maji yatakuwa yamekauka. Tandaza soseji juu, funika tena, zima moto, acha dakika 10. Joto la wali linaipasha soseji bila kuikamua. Ukichanganya kwa uma, utaona chini kuna ukoko wenye mafuta na paprika. Nyumbani kwangu huo hugombaniwa. Jumla ni kama dakika 45, na zaidi ya nusu yake hukuwa jikoni.

Siku ukiwa umechoka kabisa, tumia oveni. Viazi nusu kilo mpaka gramu 700, vikatwe vya sentimita mbili, pamoja na karoti mbili zilizokatwa nyembamba kuliko viazi, vichanganywe na vijiko viwili vya mafuta na pilipili manga. Vitandaze kwenye trei, visibanane, ingiza kwenye oveni ya nyuzi 220. Mapishi mengi yanakwambia utie kila kitu pamoja tangu mwanzo. Sikubaliani nayo. Viazi vinataka dakika 40, soseji inataka 15. Ukiviweka pamoja, utapata viazi vizuri na soseji iliyosinyaa, au kinyume chake. Acha viazi vitangulie dakika 25, ndipo utie soseji na vipande vikubwa vya kitunguu na hoho, ugeuze kila kitu, urudishe dakika 15. Wakati huo koroga kijiko kimoja cha haradali, kijiko kimoja cha siki na kijiko cha chai cha asali. Mwagia trei inapotoka, ikiwa bado inalia.

Huna oveni? Kikaango chenye mfuniko kinafanya kazi hiyohiyo. Soseji ikishatoka, tia viazi na nusu kikombe cha maji, funika dakika 10, funua maji yakauke, viazi vikaangike kwenye mafuta ya soseji. Kabichi iliyokatwa nyembamba inaingia dakika tano za mwisho. Mimi naipenda ikiwa bado inatafunika.

Dengu nyekundu ni rafiki wa mtu mwenye haraka: haziloweki, na zinaiva kwa dakika 20. Kikombe kimoja na nusu cha dengu, vikombe vitano vya maji, juu ya kitunguu kilichokaangwa kwenye mafuta yale yale. Nyanya na limau zingoje mwishoni, kwa sababu uchachu huchelewesha dengu kulainika. Hapo nina kisa changu. Nilipokuwa naanza kazi ya upishi nilitia chumvi dengu za wageni kwa mazoea, kisha nikarudisha soseji, kisha nikaonja. Nikafanya kile ambacho kila mtu anashauri: nikatumbukiza kiazi "kinyonye chumvi". Kiazi hunyonya maji yenye chumvi, kweli, lakini yale yanayobaki yana chumvi ileile kwa kila kijiko. Kilichoniokoa ni kuchemsha dengu nyingine bila chumvi na kuzichanganya. Tulikula dengu hizo siku tatu.

Tambi hazina mengi. Chemsha gramu 350 za tambi kwenye maji yenye chumvi nusu ya unayotia siku zote. Kabla ya kuzichuja, teka kikombe cha maji hayo. Kitunguu saumu na spinachi vikaangwe kwenye mafuta ya soseji, tambi ziingie, maji yale yamiminwe kidogo kidogo huku ukigeuza mpaka yawe rojo laini linaloshika tambi. Soseji, pilipili manga, limau. Na soseji iliyobaki jana, ikikatwa ndogondogo kwenye mayai ya kuvuruga pamoja na kitunguu, ni chakula cha usiku kisichohitaji mtu wa kukufundisha.

Hujaniambia umri wa watoto wako, kwa hiyo nasema kwa tahadhari. Kama kuna aliye chini ya miaka mitano, usimpe soseji iliyokatwa duara kama sarafu. Duara hilo linalingana na koo la mtoto mdogo, na ni laini kiasi cha kuziba njia ya hewa sawasawa. Pasua soseji kwa urefu mara mbili, upate vipande vinne virefu, kisha vikatekate vidogo. Ngozi ikiwa ngumu, ivue.

Kuhusu ni mara ngapi kwa wiki: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliweka nyama za kusindika, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na ukaeleza kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa karibu asilimia 18. Hapo neno zito ni "kila siku". Mimi sipiki soseji zaidi ya mara moja kwa wiki, mara mbili wiki ikiwa mbaya, na ndiyo sababu nyingine ya kuifanya kiungo badala ya kuipanga nzimanzima kwenye sahani.

Kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini ya hapo, pakiti iliyofunguliwa ile ndani ya wiki moja. Mjamzito asiile ya baridi hata kama imeandikwa iko tayari. Aipashe mpaka itoe mvuke, kwa sababu bakteria wa listeria huweza kuongezeka hata ndani ya friji. Kwenye friza soseji hubaki na ladha nzuri mwezi mmoja au miwili. Usiigandishe nzima. Siku ya mapumziko ikate yote kwa mshazari, itandaze kwenye trei igande, ndipo uitie kwenye mfuko, ili vipande visishikane na uchote unachohitaji. Ukirudi saa moja kasorobo, vitie kwenye kikaango baridi vikiwa na barafu yake. Barafu hiyo ikiyeyuka ndiyo vile vijiko vitatu vya maji, usiongeze vingine.